Mbwa Wako Ametambua Nini?

  

Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya chanjo, lishe, kuhara na malaria. Leo tutazungumza juu ya mbwa anayelala mlangoni pako, na paka anayejikunja karibu na jiko. Huenda unajiuliza, muuguzi ana kazi gani na mbwa? Si hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo?

Ngoja nikueleze. Watoto wengi tunaowaona wakiwa wameumwa na mbwa hawakuumwa na mbwa mgeni aliyetoka mbali. Waliumwa na mbwa wanayemjua, wa kwao au wa jirani. Na mama akiketi mbele yetu na mtoto mapajani, maneno yake huwa ni yale yale: "Huyu mbwa hajawahi kuuma mtu. Sijui leo ameingiwa na nini."

Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu leo. Mara nyingi mbwa hakuingiwa na kitu siku ile. Kuna jambo lililobadilika nyumbani siku kadhaa kabla. Mbwa akalitambua, akabadilika naye, akaonyesha dalili, na hakuna aliyemtazama. Mama akijua kumtazama mbwa wake, anaweza kumkinga mtoto na kidonda, na pengine na kifo.

MBWA ANAJUAJE?

Wewe mwenyewe umeona. Siku ukiwa na huzuni, mbwa haji kukurukia kama kawaida. Anakuja polepole, analala karibu na miguu yako. Siku kuna ugomvi nyumbani, anajificha nyuma ya ghala kabla hata sahani haijavunjika. Jioni anasimama langoni dakika chache kabla baba hajashuka kwenye matatu.

Watu wengine husema mbwa ana macho ya kuona mizimu. Wengine wakisikia mbwa analia kwa sauti ndefu usiku, wanasema kuna msiba unakuja. Mama, usiogope. Mbwa hatabiri. Anachofanya ni kutumia pua, macho na masikio yake kuliko sisi tunavyotumia yetu.

Kwanza ni pua. Ndani ya pua ya binadamu kuna chembe za kunusia zipatazo milioni tano au sita. Za mbwa ni zaidi ya milioni mia moja, na kwa mbwa wengine zinapita milioni mia mbili. Mtu akiwa na hofu au mawazo mengi, moyo wake hupiga haraka, homoni hubadilika, na harufu ya jasho na pumzi yake hubadilika pia. Sisi hatuisikii harufu hiyo. Mbwa anaisikia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast walichukua jasho na pumzi za watu 36, kabla na baada ya kuwapa hesabu ngumu ya kuwasumbua akili. Kisha wakawapa mbwa wanne waliofunzwa wanuse. Katika kila majaribio kumi, mbwa walitambua zaidi ya mara tisa harufu ya mtu aliyesumbuka. Hawakuwa wameuona uso wake wala kuisikia sauti yake. Ilikuwa ni harufu tu.

Pili ni macho na masikio. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na wenzao wa São Paulo, Brazili, waliwaonyesha mbwa 17 picha za nyuso mbili, moja ya furaha na nyingine ya hasira, huku wakiwasikilizisha sauti. Mbwa waliitazama kwa muda mrefu zaidi ile picha iliyolingana na sauti. Kwa hivyo ukitabasamu mbele ya wageni huku sauti yako ina uchungu, wageni huenda wasijue. Mbwa amejua.

Na si mbwa peke yake. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kule Ujerumani kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Watu walisema anajua hesabu. Ukimuuliza mbili na tatu ni ngapi, anapiga kwato chini mara tano. Mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst alionyesha siri yake. Kama muulizaji mwenyewe hakujua jibu, Hans naye alishindwa. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anautazama mwili wa mtu. Kwato zikifika hesabu sahihi, mtu yule alijitikisa kidogo sana bila kujua, na Hans akaacha kupiga. Hivyo ndivyo wanyama wanavyotusoma, hata pale tunapodhani tumejificha.

Tatu ni ratiba. Mbwa hana saa ya mkononi, lakini anajua saa zako. Anajua mlio wa sufuria ya jioni. Anajua viatu vya shamba na viatu vya kanisani. Akiona umevaa vya kanisani hakufuati, akiona umeshika jembe yuko mbele yako njiani. Maisha ya mbwa yamejengwa juu ya mambo madogo kama hayo. Pengine umesikia habari za Hachiko, mbwa wa Japani. Kila jioni alikuwa akimpokea bwana wake, Profesa Ueno, kwenye stesheni ya gari la moshi ya Shibuya mjini Tokyo. Profesa alifariki ghafla mwezi wa Mei 1925. Hachiko aliendelea kwenda stesheni karibu miaka kumi, mpaka naye akafa mwezi wa Machi 1935. Nyumba ilikuwa imebadilika, na mbwa hakuwa na mtu wa kumweleza.

NI MABADILIKO GANI YANAYOMSUMBUA?

Mama, fikiria mwaka mzima wa nyumba yako. Mtoto mchanga amezaliwa. Mmoja wa watoto amepelekwa shule ya bweni. Baba amepata kazi mjini na sasa anakuja mwisho wa mwezi. Nyanya mgonjwa ameletwa kuishi nanyi. Mmehamia nyumba nyingine. Kuna matanga, na kwa wiki nzima boma limejaa watu, viatu, nyimbo na moto usiku kucha. Kwako hayo ni mambo yanayoeleweka. Kwa mbwa ni dunia iliyogeuka bila sababu.

Tuliona jambo hili sote wakati wa korona. Shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na watoto wengi wakawa nyumbani miezi tisa, wakicheza na mbwa asubuhi hadi jioni. Mwezi wa Januari 2021 shule zikafunguliwa kwa wote. Asubuhi moja boma likanyamaza. Mbwa wengine walikataa chakula, wengine wakabweka mchana kutwa, wengine wakachimba ua na kutoroka.

Kuna mama mmoja aliyemleta kliniki mtoto wa miaka mitatu akiwa ameumwa mkononi. Nilipomuuliza maswali, nilijua kwamba mbwa alikuwa akilishwa kila jioni na kaka mkubwa wa mtoto huyo. Kaka alikuwa amekwenda shule ya bweni wiki mbili kabla. Tangu siku hiyo mbwa hakuwa na saa ya kula. Siku nyingine alilishwa saa nne usiku, siku nyingine alisahauliwa. Alianza kula haraka na kunguruma mtu akipita karibu na bakuli. Mtoto alikwenda kumshika mkia akiwa anakula. Mbwa hakuwa na kichaa. Alikuwa na njaa na wasiwasi, na alikuwa amesema kwa lugha yake kwa wiki mbili nzima. Mtoto alioshwa kidonda vizuri, akapata sindano zake zote, akapona. Mama alirudi nyumbani akaweka saa ya kulisha, na mtu wa kulisha.

LUGHA YA MBWA

Mbwa hawezi kusema "nina wasiwasi." Anasema kwa mwili. Tazama dalili hizi:

Anapiga miayo ingawa hana usingizi.
Anajilamba pua mara kwa mara ingawa hajala.
Anageuza uso mtoto akimkaribia, au anaondoka na kwenda kulala mbali.
Anaweka mkia katikati ya miguu na kulaza masikio nyuma.
Anakaza mwili wote kama mti na kukodoa jicho mpaka weupe unaonekana.
Ananguruma.

Dalili za kwanza ni za kuomba nafasi. Za mwisho ni onyo. Na usidanganywe na mkia. Mbwa anayetikisa mkia si lazima awe na furaha. Kama mwili ni laini na unayumba pamoja na mkia, hiyo ni furaha. Kama mwili umekaza na mkia uko juu ukitikisika kidogo kidogo, mwondoe mtoto polepole.

Jambo jingine, mama. Mbwa akinguruma usimpige. Najua tumezoea kuchukua fimbo. Lakini kunguruma ni kengele. Ukimpiga kwa kunguruma, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kupiga kengele. Mwite mtoto aje kwako, mwache mbwa atulie, kisha ujiulize: ni nini kimebadilika?

MTOTO MCHANGA ANAPOKUJA

Hapa ndipo nyumba hubadilika zaidi. Mama anarudi kutoka hospitali na harufu nyingine, ya maziwa na ya mtoto. Kuna kilio kipya usiku. Wageni wanaingia na kutoka na uji na mboga. Na yule mama aliyekuwa akimtupia mbwa ugali uliobaki sasa hana nafasi.

Anza mapema, ukiwa bado mjamzito. Kama ni wewe unayemlisha mbwa, mpe kazi hiyo mtu mwingine miezi miwili kabla ya kujifungua, ili mbwa asije akauhusisha mtoto na njaa. Kama mbwa au paka amezoea kuingia chumba ambamo mtoto atalala, mfunze sasa kukaa nje. Usingoje mtoto afike.

Ukijifungua, baba au dada anaweza kuleta nyumbani kitambaa au leso iliyomfunika mtoto, mbwa anuse kabla mtoto hajafika. Siku ya kufika, mtu mwingine ambebe mtoto, wewe umsalimie mbwa kwanza kwa utulivu. Kisha mbwa anuse miguu ya mtoto kutoka mbali kidogo, akiwa ameshikwa. Asilazimishwe, na asifukuzwe kwa kelele.

Na sheria hii haina ruhusa wala siku ya mapumziko: mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata dakika moja, hata kama mbwa ni mpole, hata kama amelala. Ukienda kuchota maji, ondoka na mmoja wao.

Paka naye ana mambo yake. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka wa nyumbani hutambua jina lake kati ya maneno mengine. Basi usidhani hakusikii kwa sababu haji. Paka akisumbuliwa na mabadiliko hujificha, huacha kula, au hukojoa kwenye matandiko badala ya mahali pake. Usimpige. Mpe kona yenye utulivu. Usimruhusu kulala kitandani na mtoto mchanga, kwa sababu paka hupenda joto na anaweza kulala karibu na uso wa mtoto na kuzuia pumzi yake. Kama u mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi ya kuondoa kinyesi cha paka, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kushika udongo wa bustani. Huna haja ya kumtupa paka.

MBWA NI KIOO

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walipima nywele za watu na manyoya ya mbwa wao 58. Walikuwa wanatafuta homoni ya mwili inayoongezeka mtu akiwa na msongo wa mawazo. Waliona kwamba kwa miezi mingi homoni hiyo ilipanda na kushuka pamoja, ya mtu na ya mbwa wake. Na ilionekana kwamba mbwa ndiye aliyekuwa akimfuata bwana wake, si bwana kumfuata mbwa.

Kwa nini nakuambia hivi? Kwa sababu nyumba nyingi humwona mbwa aliyenyong'onyea kabla hazijamwona mama aliyenyong'onyea. Mbwa haondoki mlangoni pa chumba cha mama. Hataki kucheza. Watu wanasema mbwa ni mgonjwa, na wanamtafutia dawa ya minyoo. Hakuna anayeuliza, je, yule aliye ndani ya chumba anaendeleaje?

Mama aliyejifungua anaweza kulia na kuwa na majonzi siku chache za kwanza. Hiyo ni kawaida na hupita. Lakini kama majonzi yamepita wiki mbili, kama huna hamu ya kula, huwezi kulala hata mtoto akilala, unajiona huna maana, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa. Una matibabu. Si uvivu, si kurogwa, na si aibu. Njoo kliniki ya mama na mtoto umwambie muuguzi kama vile ungemwambia una homa. Na wewe mume, mama mkwe au jirani unayesoma haya, usimwache aje peke yake.

Kuna kioo kingine kinachoumiza zaidi. Katika nyumba yenye kipigo, mbwa hujua. Akisikia hatua za mtu fulani, anakimbia. Tazama vizuri, kwa maana mara nyingi mtoto hukimbia pamoja naye. Mbwa na mtoto wakiwa wamejificha mahali pamoja, nyumba hiyo inahitaji msaada. Namba 1195 ni ya bure kwa mtu yeyote anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto.

PALE AMBAPO SI HUZUNI: KICHAA CHA MBWA

Sasa sikiliza kwa makini. Mbwa anaweza kubadilika kwa sababu nyumba imebadilika. Lakini anaweza pia kubadilika kwa sababu ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote hupata kutoka kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ukitibiwa kabla ya dalili, unakingika. Tofauti ya uhai na kifo ni siku zile za kwanza.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, na mkali anakuwa mpole kupita kiasi. Anatangatanga, anauma vijiti, mawe na mnyororo wake. Sauti ya kubweka inabadilika. Anatokwa na mate mengi, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inalegea. Wengine hawawi wakali kabisa. Wananyamaza na kujificha gizani, taya likining'inia kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mama, usimtie mbwa huyo mkono mdomoni kumtafutia mfupa. Watu wameambukizwa kwa njia hiyo.

Utatofautishaje? Jiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, kuna jambo lililobadilika nyumbani ninalolijua?
La pili: Je, bado anakula, anakunywa maji, na anaitika nikimwita?
La tatu: Je, alichanjwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, na hajaumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini?

Kama majibu yote ni ndiyo, mpe siku chache za utulivu, saa maalum ya kula, na mahali pake. Kama jibu hata moja ni hapana, au kama una shaka, usikae ukikisia. Watoto wakae ndani. Mbwa afungiwe bila kumshika kwa mikono, na daktari wa mifugo wa serikali aliye karibu nawe aitwe. Usimuue na kumtupa kimya kimya, kwa maana daktari anahitaji kumchunguza.

MTOTO AKIUMWA

Fanya hivi, hata kama mbwa ni wa kwenu, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa alilamba tu mahali palipochubuka.

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine maji kwa kikombe, mwingine aoshe. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, basi tazama saa.

Usitie chumvi, pilipili, mafuta ya taa, majivu wala mitishamba. Usikanyagie jiwe jeusi. Usikifunge kidonda kwa kukaza.

Mpeleke mtoto hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Atahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama kidonda ni kirefu, dawa nyingine ya kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Kama kituo kilicho karibu hakina chanjo, uliza pale pale ni wapi wanayo, kisha uende. Usirudi nyumbani kungoja.

Sindano ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa. Zimalize zote. Mtoto akionekana mzima baada ya sindano ya kwanza, hiyo haina maana kwamba amemaliza. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, na mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya dalili. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia huchomwa chanjo hii bila hofu.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Mbwa wetu alimwuma mtoto, lakini ni mzima. Si tungoje siku kumi tuone?" Ni kweli mbwa aliyeuma hutazamwa siku kumi. Lakini mtoto hangoji. Matibabu yanaanza leo, na mbwa akibaki mzima baada ya siku kumi, daktari ndiye atakayeamua kama sindano zilizobaki zisimamishwe.

"Mbwa wetu ni mdogo wa miezi michache. Anaweza kuwa na kichaa?" Ndiyo. Watoto wa mbwa huambukizwa pia, na ndio wanaobebwa na watoto wetu kifuani. Wachanje wakifikisha miezi mitatu, kisha warudie kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi za Kenya huwa na chanjo ya mbwa karibu na siku hiyo. Sikiliza matangazo ya chifu na ya redio. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa katika kijiji, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

"Mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa ili asisumbue. Si ndiyo salama?" Mbwa aliyefungwa siku zote anaona mabadiliko yote ya nyumba na hawezi kuyakimbia. Wasiwasi wake huongezeka. Kama lazima afungwe, awe kivulini, na maji, mbali na njia ya watoto, na apate muda wa kufunguliwa kila siku.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mbwa na paka hutambua hali yetu kwa harufu, sauti, sura na ratiba.
Nyumba ikibadilika, mtazame mbwa. Mbwa akibadilika, itazame nyumba.
Mlishe kwa saa ile ile, na awepo mtu mmoja wa kazi hiyo.
Mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa.
Kunguruma ni onyo. Usilipige, lisikilize.
Kidonda cha mbwa huoshwa dakika 15 kwa sabuni na maji, kisha hospitali siku hiyo hiyo.
Mbwa huchanjwa kila mwaka.

Leo jioni, ukimaliza kazi, fanya jambo dogo. Keti nje dakika tano umtazame mbwa wako. Anakula namna gani? Analala wapi? Anamtazamaje mtoto? Na kadi yake ya chanjo iko wapi? Kama huipati, au hakuwahi kuwa nayo, kesho mwulize mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu ni wapi daktari wa mifugo anapopatikana.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maji safi ya kunywa. Mpaka wakati huo, mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kaeni salama, ninyi na watoto, na wanyama wenu.